Safu ya Ukoo

Kabla ya saa nne nilikuwa nimekwisha kuandika
wana wa mfalme thelathini na saba.
Borjigin, Borjigin, Borjigin:
mchunga mbuzi, fundi wa betri,
mama muuza maziwa ya farasi na wanawe watano,
wote, kumbe, damu ya kasri.
Majina ya koo yalipigwa marufuku
bibi yangu hajaota meno.
Sasa serikali inayataka tena, kwa fomu, nakala mbili,
na asiyelikumbuka lake
huokota lililo kubwa kuliko yote.
Si mimi wa kubisha. Nina kalamu, nina mhuri,
na kichupa cha wino juu ya jiko la samadi, kiyeyuke.

Akaingia mzee, theluji begani,
kofia mkononi kama aliyekuja kuomba radhi.
"Jina?"
"Sina."
"Mzee wangu, kila mtu analo."
"Ndilo lenyewe. Nergui. Bila-Jina. Andika."

Nikaandika. Tumewazoea hapa Tsetserleg.
Yupo Enebish, Si-Huyu, anayeshona viatu.
Yupo Hunbish, Si-Mtu, mwalimu wa hesabu,
mpole, mwenye miwani, mtu kuliko watu.

Akaketi bila kukaribishwa.
"Wa kwanza mama alimwita Altantsetseg,
Ua la Dhahabu. Siku arobaini.
Wa pili Batmunkh, Imara wa Milele.
Milele yake ilikwisha barafu ya mto haijapasuka.
Wa tatu simjui, mama hakulitamka tena.
Nilipokuja mimi alinivika gauni,
akanipaka masizi puani,
na usiku mauti yalipobisha hodi
kuuliza nani kazaliwa humu,
mama akajibu, wala hakusema uongo:
hayupo mwenye jina."
Akacheka, jino moja.
"Sabini na nane, binti. Bado yananitafuta."

Wasemao jina jema hung'ara gizani
hawakutuambia ni nani mwingine
auonaye huo mng'ao, akaufuata.

Wangu nilimwita Munkhbayar, Furaha ya Milele.
Siku kumi na moja.
Sikumwambia.

"Ukoo?" Wino ulikuwa umeganda tena, au mkono.
"Lazima?"
"Lazima."
"Nikiwa nao, si yatanijua?"
"Mauti hayasomi fomu," nikasema,
ingawa kazi hii imenifundisha kutoapa juu ya fomu.
Nje lori la sufu lilikohoa, likazima, likakohoa.
Tulilisikiliza mpaka likawaka.

"Basi niandikie Altantsetseg."
"Hilo si la ukoo, mzee. Ni la mtu. Tena mtoto."
"Hakuwahi kuandikwa popote. Hata jiwe hana."

Nikafungua kijitabu cha kanuni, kurasa sita,
moja ina doa la chai yangu.
Kinakataza matusi. Kinakataza namba.
Hapana paliposemwa ukoo sharti utoke kwa shujaa,
wala kwamba mtu wa siku arobaini
hawezi kuwa chimbuko la watu.

Nikaandika pole pole, herufi kwa herufi,
nikaupuliza wino, nikagonga mhuri
kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.
Ana wajukuu kumi na wanne shuleni.
Jumatatu Hunbish atasimama na daftari la mahudhurio,
atasukuma miwani, ataita, "Altantsetseg!"
na sauti kumi na nne, nyingine zimevunjika, nyingine bado nyembamba,
zitajibu: nipo.

Mlangoni mzee akasita.
Akaligusa bomba la jiko kwa kidole,
akajichora mstari mweusi puani,
akavaa kofia, akatoka kwenye baridi.

Nikamwita anayefuata.
"Borjigin," akasema, kabla sijauliza.